Desemba ya Nyumba Mbili

Ikifika wiki ya kwanza ya Desemba, hapa Ivuna salamu hubadilika. Badala ya "habari za shamba" naulizwa, "Mwalimu, watoto wanakuja lini?" Naulizwa mashineni nikisubiri unga, naulizwa na fundi baiskeli, naulizwa nje ya kanisa baada ya ibada. Hakuna anayeuliza kwa ubaya. Huku Bonde la Rukwa, Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Vijana waliokwenda kutafuta maisha Tunduma, Mbeya na Dar es Salaam wanateremka na mabegi yao, mabinti walioolewa mbali wanaleta wajukuu kwa bibi, na kila boma linahesabu watu wake. Aliyeachana na mwenzake naye anahesabu, na hesabu inakataa.

Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa darasa la tano na mdogo wake wa kiume ambaye bado hajafika miaka saba. Ndoa yetu ilivunjwa mahakamani. Watoto wanaishi na mama yao Tunduma, anakouza vitenge na nguo za watoto. Mimi nimebaki Ivuna na chaki yangu, majaruba yangu ya mpunga, na nyumba ambayo sehemu kubwa ya mwaka ina mtu mmoja. Nani alimkosea nani, hakimu alishasikia na akaamua, huko sirudi. Ninalotaka kuwaambia wazazi wenzangu ni hili: sikukuu ni ya mtoto. Kazi ya wazazi ni kuipanga mapema, vichwa vikiwa vimetulia, na kuilipia. Sikukuu inayoanza kupangwa tarehe 22 kwa kutupiana maneno kwenye simu imeshaharibika kabla mchele haujachaguliwa.

Kwa nini Desemba inauma

Nchini kwetu mwaka wa shule huanza Januari na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Likizo ya katikati ya mwaka ipo. Lakini hii ya mwisho ndiyo iliyobeba Krismasi, Boxing Day na Mwaka Mpya kwa mfululizo. Kwa mzazi anayewaona watoto kwa nadra, hizi ndizo siku zake. Kwa mzazi anayekaa nao mwaka mzima, hizi pia anazitaka: yeye ndiye aliyewaamsha asubuhi za baridi, yeye ndiye aliyekesha nao wakiumwa, na sasa wamepata nafasi ya kukaa naye ndipo waondoke. Wote wawili wana sababu ya kuumia, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kuna fedha pia. Ukishatoa nauli, kuku, mchele na nguo za sikukuu, Januari iko mlangoni inakusubiri. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma, lakini sare, viatu, madaftari na begi bado ni juu ya mzazi. Mimi nasimama mbele ya darasa, kwa hiyo naona mwisho wa hadithi. Wazazi walioachana wanashindana Desemba nzima, huyu kaleta baiskeli, yule kaleta simu, kisha mtoto anaingia darasani Januari na shati la mwaka juzi, mikono imeishia kwenye viwiko.

Halafu kuna kazi. Huku bondeni mvua zikishashika, Desemba ni mwezi wa jembe, hakuna anayekaa bure. Tunduma nayo ni mji wa mpakani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inaukata katikati, malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde, na muuza nguo anazitegemea wiki tatu za kabla ya Krismasi kuliko miezi mingi ya mwaka. Mzazi mwenzangu wiki hizo anafungua kibanda alfajiri na kufunga usiku, na watoto wanashinda kwa jirani. Nilipoliweka hilo mezani, mazungumzo yetu yalilainika. Likizo ya kwa baba haikuonekana tena kama kunyang'anywa. Ilikuwa nafuu kwake. Ndiyo maana nawaambia wenzangu: kabla hujaomba watoto, chunguza wiki ngumu za mwenzako ni zipi. Mara nyingi ndizo atakazokupa bila ugomvi.

Wazee, ng'ombe na sheria

Baada ya ndoa kuvunjwa, wazee wa ukoo walinikalisha. Hoja yao ilikuwa fupi: "Ng'ombe walitoka. Watoto ni wa huku." Kwa Wanyamwanga, Wawanda na Wanyiha, ukoo hufuata upande wa baba, na kwa wazee mahari ndiyo muhuri wa jambo hilo. Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao nao wana msemo wa namna hiyo hiyo. Sikuwabishia. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha nikawaeleza sheria ya nchi inasemaje.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inasema mahakama inapoamua mtoto akae na nani, la kwanza ni ustawi wa mtoto. Mila za jamii zinaangaliwa, matakwa ya wazazi yanaangaliwa, na mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake anasikilizwa, lakini vyote hivyo viko nyuma ya ustawi. Kifungu hicho kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na mama, ingawa mwenye ushahidi anaweza kulipinga hilo. Tena kinaitaka mahakama ikumbuke ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza jambo linaloigusa likizo moja kwa moja. Kifungu cha 26 kinampa mtoto ambaye wazazi wake wametengana au wameachana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango alichokuwa nacho kabla, na haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo hayavurugiki. Haki hiyo imeandikwa kwa jina la mtoto. Mama anayemzuia mtoto kwa sababu baba hatumi matunzo, na baba anayegoma kutuma matunzo kwa sababu haonyeshwi mtoto, wote wanamdai mtoto deni ambalo hakulikopa. Matunzo yana njia yake ya kudaiwa mahakamani. Mtoto kumwona mzazi wake ni shauri jingine.

Baba yangu mkubwa aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo huyo mama hawezi kukunyima?"

"Hawezi, Baba Mkubwa. Na mimi siwezi kuwaficha hapa Januari shule zikifunguliwa."

Akacheka, akasema basi sheria imetupunja wote sawasawa. Habari ya ng'ombe ikaishia hapo.

Karatasi ya daftari

Mpango wetu wa Desemba unaandikwa mwezi wa kumi, wakati hakuna aliyechoka wala aliyefilisika. Hatukai wawili peke yetu. Anakuwepo kaka yake, mjomba wa watoto, mtu anayeheshimika pande zote mbili. Bado ananiita shemeji na mimi bado namwita shemeji. Mara ya kwanza tulikutana Mlowo, kwenye mgahawa wa karibu na stendi, chai ya maziwa na chapati mezani. Mjomba akachana karatasi katikati ya daftari, akatoa kalamu mfukoni.

"Nani anaanza?"

"Aanze mama watoto," nikasema.

"Krismasi wakae kwako," akasema, macho kwenye kikombe. "Mwaka Mpya nawataka mimi. Mwakani tunabadilishana. Na mwanangu mdogo asipelekwe ziwani kuogelea, nasikia kuna mamba."

"Andika, shemeji," nikasema. "Andika na la mamba."

Tukacheka wote watatu, na baada ya hapo kazi ilikuwa nyepesi. Karatasi ile haikujaa hata ukurasa mmoja. Ilisema hivi:

Shule zikifungwa, watoto wapumzike Tunduma siku mbili, kisha waje Ivuna. Krismasi mwaka huu kwa baba, Mwaka Mpya kwa mama. Mwakani kinyume chake.

Nauli ya kuja ni ya baba, ya kurudi ni ya mama.

Nguo za sikukuu ni za mama kwa kuwa anazipata kwa bei ya jumla. Sare na madaftari ya Januari ni ya baba.

Zawadi moja kwa kila mtoto, na mzazi anayetaka kununua kitu kikubwa amwambie mwenzake kwanza.

Simu Jumatano na Jumapili saa moja jioni. Siku ya sikukuu, saa nne asubuhi.

Mtoto akiugua, mzazi wa pili aarifiwe siku hiyo hiyo.

Hakuna kuogelea ziwani.

Tukatia sahihi, mjomba akaipiga picha akatutumia kila mmoja, ya mkono akabaki nayo yeye. Watu wameniuliza kwa nini tuandikishane kama wauzaji wa kiwanja. Jibu langu ni kwamba maandishi yanatulinda zaidi na ndugu zetu kuliko yanavyotulinda sisi kwa sisi. Shangazi akianza, "Mbona Mwaka Mpya mmewaachia?" namwonyesha picha, maneno yanakwisha. Anayetaka mpango wenye nguvu zaidi amwone afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya yake, au aiombe mahakama itoe amri inayosema mzazi wa pili atakuwa na mtoto lini na kwa muda gani.

Kwa jirani zetu Waislamu hesabu ni nyingine kidogo. Idi ni mbili, na kwa kuwa zinafuata mwandamo wa mwezi, kila mwaka zinarudi nyuma kama siku kumi na moja katika kalenda ya shule. Mwaka mmoja Idi inaangukia likizo, mwaka mwingine inaangukia katikati ya muhula, na mtoto hawezi kusafirishwa mbali. Rafiki yangu mwenye duka hapa jirani alikubaliana na mtalaka wake hivi: Idi ya Mfungo Mosi kwa mama, ya Mfungo Tatu kwa baba, na ikiangukia siku za masomo mzazi ndiye anayesafiri kumfuata mtoto.

Tahadhari moja siwezi kuiruka. Haya yote ni kwa wazazi wanaoweza kukaa meza moja. Kama ndoa ilivunjika kwa kipigo, au mtoto aliumizwa, usikubali kushinikizwa na wazee kukutana mgahawani eti kwa ajili ya sikukuu. Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi lipo kwa ajili yako, na Simu ya Huduma kwa Mtoto ni 116, haina malipo.

Kupokezana Mlowo

Mlowo ndipo barabara ya Kamsamba, ile ya kwetu bondeni, inapoachana na barabara kuu ya Tunduma na Mbeya, kwa hiyo ndipo tunapopokezana. Wao wanatoka Tunduma na mama, mimi napanda kutoka bondeni. Watoto hawakabidhiwi kondakta. Najua wako wanaofanya hivyo na watoto wakafika salama, lakini wiki ya Krismasi magari yanajaa mpaka mlangoni, na mvua ikinyesha barabara ya kuteremka bondeni ni tope tupu. Gari likikwama usiku porini, mtoto anahitaji mtu wake. Tunasafiri asubuhi, na mwaka ambao Krismasi ni yangu tunajitahidi iwe kabla ya tarehe 20, msongamano haujapamba moto.

Mama anafungasha kwa mazoea ya Tunduma, mji wa baridi: masweta, soksi, mashuka mazito. Huku bondeni joto linaanza saa mbili asubuhi, sweta linalala begini mpaka siku ya kurudi. Kinachotakiwa ni chandarua, kwa sababu mvua zimeanza na mbu wamezaliwa upya. Mimi nawatundikia chandarua siku moja kabla, na mtoto akipata homa kwanza ni zahanati kupima malaria, kisha simu kwa mama. Jambo dogo kama hilo linajenga imani kuliko hotuba.

Pale stendi tunasalimiana kwa mkono mbele ya watoto, tunaulizana habari za kazi, basi. Deni la ada ya tuisheni halizungumzwi stendi. Habari za mtu mpya katika maisha ya mmoja wetu hazizungumzwi stendi. Yule mdogo hutuangalia mikono tunaposalimiana. Nimemwona mara nyingi. Mikono ikishaachiana ndipo anapolibeba begi lake na kuanza kutembea kuelekea gari la Kamsamba.

Usishindane na mji

Mimi siwezi kushindana na Tunduma. Kule kuna taa usiku kucha, kuna chipsi, kuna madoli kutoka ng'ambo ya mpaka. Mzazi wa kijijini akianza mashindano ya kununua, ameshashindwa kabla ya kuanza. Ashike kile ambacho mji hauna.

Ivuna ina chumvi. Chemchemi zetu zimewalisha watu chumvi kwa karne nyingi: maji yake yalichemshwa kwenye vyungu mpaka yakakauka. Miaka ya 1960 watafiti Brian Fagan na John Yellen walichimba hapa, wakakuta marundo ya vigae vya vyungu hivyo, kazi ya mamia ya miaka iliyopita. Nawapeleka watoto, tunaokota kigae, binti anakigeuza kutafuta alama za mapambo, kisha anakirudisha palepale kwa sababu nimemwambia vitu hivi havibebwi. Usiku ule anampigia mama yake kumweleza kwamba zamani watu wa huku walikuwa wanapika chumvi.

Ivuna ina jiwe pia. Kimondo cha Mbozi kila mtoto wa mkoa wetu wa Songwe anakijua, lile pande la chuma la tani nyingi lililopo Ndolezi. Cha Ivuna wengi hawakijui. Kilianguka hapa tarehe 16 Desemba 1938, na vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja, ni kama gramu 700. Lakini vimondo vya aina yake vinavyojulikana duniani ni vichache mno, na kundi zima wanasayansi wamelipa alama ya CI, ile I ikiwa ni ya Ivuna. Mwaka 2008 makumbusho ya historia ya asili ya London yalinunua kipande chake. Desemba 2020 chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilileta duniani gramu chache za mchanga kutoka sayari ndogo ya Ryugu, na wataalamu walipoupima wakakuta unafanana sana na jiwe la kwetu, lenye umri wa takriban miaka bilioni 4.5.

Tarehe 16 inapofika wakiwa kwangu, tunatoa mikeka nje baada ya chakula cha usiku, naisimulia tena. Mdogo anataka kujua jiwe lilimpiga nani. Halikumpiga mtu, namwambia. Anaonekana kusikitika kidogo. Binti anataka kujua kwa nini limekaa London na si hapa, na swali hilo tunaligeuza mpaka usingizi unawachukua. Gharama yake ni mafuta ya taa tu, na tangu tuanze, wao ndio wanaonikumbusha tarehe.

Na kuna kazi. Sioni aibu kuwapa jembe dogo asubuhi mbili tatu kwa wiki. Mtoto wa likizo anayefanywa mgeni wa heshima muda wote hajisikii nyumbani. Anayetumwa maji na kukemewa kwa kuchelewa anajua yuko kwao. Kanuni za kulala, kula na kusali ninazilinganisha na za mama yake kadiri niwezavyo. Kama kule simu inazimwa saa tatu usiku, na huku inazimwa saa tatu.

Ulimi wa bibi

Hatari kubwa ya sikukuu, kwa nilivyoona, haiko kwa wazazi wenyewe. Iko jikoni. Mkesha wa Krismasi mama yangu alikuwa ananyonyoa kuku, binti yangu anamsaidia kumwagia maji ya moto. Manyoya yamejaa beseni. Nikamsikia bibi anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Na huko kwa mama yako, nani anakuja kuja jioni?"

Binti akaendelea kumwaga maji. Hakujibu. Akamwaga mpaka birika likaisha, kuku akiwa ameshaiva ngozi.

"Mama," nikasema, "naomba hilo tuliache."

"Mimi nimeuliza tu, baba."

"Najua, mama. Ila huyu tumuulize habari za shule."

Bibi hakuwa na nia mbaya. Kwake ni mazungumzo. Kwa mtoto ni mtihani ambao jibu lolote linamsaliti mzazi mmoja. Baada ya hapo niliomba kikao kidogo na mama, dada zangu na wadogo zangu, nikawaomba mambo mawili: wasimuulize mtoto habari za nyumba ya pili, na wasimseme mama yake vibaya naye akisikia, hata kwa utani, hata kwa Kinyamwanga wakidhani haelewi. Anaelewa. Mzazi mwenzangu aliomba hivyo hivyo kwao. Siwezi kulinda kila sikio, lakini tangu hapo anayejisahau huwa anajikumbusha mwenyewe.

Vivyo hivyo mtoto hatumwi ujumbe. "Kamwambie baba yako hela ya viatu" ni sentensi inayochukua dakika moja kuisema, naye anaibeba safari nzima kutoka Tunduma mpaka Ivuna. Simu zipo. Kama sauti ya mwenzako inakupandisha hasira, andika ujumbe mfupi wenye jambo moja, usome upya, ondoa neno la mwisho ambalo ndilo huwa baya, kisha tuma.

Kuhusu mchumba mpya nitasema kidogo. Siku ya Krismasi si siku ya kumtambulisha. Watoto siku ile wanamhesabu asiyekuwepo. Ukiwaletea mgeni kwenye kiti hicho, wataumia wao na atachukiwa yeye bila kosa.

Mwaka ambao zamu si yako

Mwaka unaofuata Krismasi ni ya mama, na hapa ndipo mzazi anapopimwa. Asubuhi ya tarehe 25 kijiji kizima kimevaa nguo mpya. Watoto wa wenzako wanapita mlangoni wakisalimia, wakitegemea biskuti. Ukijifungia ndani, mchana unakuwa mrefu na kilabu cha pombe kiko karibu. Wanaume wengi walioachana huzama hapo, na wanawake wengi hulia jikoni kwa wengine walikoalikwa.

Mimi naipanga siku hiyo kama ninavyopanga ratiba ya vipindi. Niko kwaya, sauti ya nne, kwa hiyo mkesha na asubuhi vina wenyewe. Saa nne ni simu. Nasogea hadi panapokamata mtandao kabla ya wakati, kwa sababu ahadi ni deni na mtoto anajua kusoma saa. Simu yenyewe siifanyi ndefu. Nauliza wamekula nini, wamevaa nini, nasikiliza, nawatakia sikukuu njema na mama yao namtakia pia. Siwaambii nimewakumbuka mpaka nimeshindwa kula. Mtoto akisikia hivyo, pilau ya kwao inageuka hatia mdomoni.

Mchana nakula kwa mwalimu mwenzangu na familia yake, nimealikwa mapema, na naenda na kuku wangu. Jioni nawatembelea wazee wawili watatu ambao watoto wao hawakurudi mwaka huo. Wao pia wameulizwa wiki nzima watoto wanakuja lini. Tukikaa pamoja hakuna anayelazimika kujibu. Na wangu watakapofika tarehe 28, tunachinja tena. Mtoto wa nyumba mbili anakula Krismasi mara mbili, na sijawahi kumsikia mmoja akilalamika.

Wakirudi

Siku ya kurudi ndiyo ngumu, nayo huanza siku moja kabla. Mdogo anakuwa mkorofi bila sababu, dada yake ananyamaza. Nimejifunza kutochukua ukorofi ule kama utovu wa adabu. Ni namna ya mtoto kuaga. Namwambia, "Utarudi mwezi wa sita," namwonyesha kwenye kalenda ya ukutani, naye anaweka alama kwa kalamu nyekundu. Akifika kwa mama, mama naye anamwachia siku moja au mbili za kutulia kabla ya kuuliza chochote. Na ahadi za mwezi wa sita zisitolewe kama huna uhakika wa nauli.

Januari, watoto wa wazazi walioachana wanaingia darasani kama wengine, na mwalimu hana alama ya kuwatambua. Anayejulikana haraka ni yule ambaye likizo yake ilikuwa vita. Anafika amechelewa wiki kwa sababu hawakukubaliana nani atoe nauli, hana daftari, na akiulizwa likizo ilikuwaje anaangalia dirishani. Heri nusu ya shari kuliko shari kamili; ndoa ilishavunjika, likizo ya mtoto nayo isivunjwe.

Basi msomaji, kama mwaka huu umekupita ukiwa umeachana na mzazi mwenzako na bado hamjazungumza habari za Desemba, mpigie wiki hii. Tafuta mjomba, shangazi, mchungaji, shehe au jirani mmoja anayeaminika kwenu wote. Chukueni karatasi moja, muandike tarehe, nauli, nguo, sare na saa ya simu, kisha mkawasomee watoto kabla shule hazijafungwa. Wana haki ya kujua sikukuu yao iko wapi.